Kujiunda, Kujipanga na Kupakata: Kuzisema kwa Kiswahili Protini za Virusi Zinazobeba Metali

Utangulizi

Makala haya yalianza kama sentensi moja. Mwenzetu anayesomea bayokemia, na ambaye huhudhuria vikao vya chama chetu kwa mapenzi tu, alitujia na ombi ambalo hatukuuona ugumu wake. Babake ni mkulima wa tumbaku huko Kuria. Kila aendapo likizo, baba humwuliza anasomea nini hasa, naye hujikuta akijibu nusu kwa Kiingereza na nusu kwa mikono. Muhula huo alikuwa akisoma kuhusu utafiti wa kusanifu upya protini za virusi ili zibebe chembe zenye metali ndani yake, na alitaka aweze kumweleza mzee jambo hilo kwa Kiswahili kilichonyooka. Tulimwambia arudi baada ya chai.

Tafsiri tuliyompa ilisema hivi: "Tunatengeneza virusi vya chuma vinavyojiunda vyenyewe." Aliisoma kwa simu jioni hiyohiyo. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, magonjwa tuliyo nayo hayatoshi? Na hivyo vikishajiunda, ni nani atakayevizuia?"

Msomaji atakumbuka kwamba neno virusi, tangu mwaka 2020, si neno la kuchezea mbele ya mzazi. Binti alirudi kwetu akicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni. Nilipoichambua sentensi yetu niliona kwamba karibu kila neno ndani yake lilisema jambo lisilo kweli. Hakuna aliyekuwa akitengeneza virusi. Hakuna kilichokuwa cha chuma. Wala hakuna kilichojiunda.

Aghalabu tunapojadili istilahi za sayansi vikaoni tunagawanyika pande mbili. Wako wanaosema Kiswahili kinajitosheleza, kisha wanakaa. Wako wanaosema hakina maneno, nao pia wanakaa. Makala haya hayakusudii kuamua kati yao. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kosa letu halikutokana na upungufu wa msamiati. Lilikuwa kosa la sarufi. Kitenzi cha Kiswahili, kwa viambishi vyake na minyambuliko yake, humlazimu msemaji atangaze nani alimtenda nani, na kama tendo linaweza kutenduliwa. Asiyejua kilichotokea ndani ya chupa ya maabara hawezi kukichagua kitenzi sawasawa, hata akiwa na kamusi zote mezani.

Batobato ya tumbaku

Virusi vinavyohusika hapa ndivyo vya kwanza kabisa kujulikana na sayansi. Mwaka 1886 Adolf Mayer, aliyekuwa Wageningen nchini Uholanzi, alieleza ugonjwa unaoyafanya majani ya tumbaku yawe na mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichofifia, akaonyesha kwamba utomvu wa mmea mgonjwa huambukiza mmea mzima. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alipitisha utomvu huo katika chujio la kauri linalonasa bakteria, na bado ukaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck akakata shauri kwamba hiki si bakteria bali ni kitu cha aina nyingine. (Ivanovsky alikuwa Mrusi. Wale wanaoshikilia kwamba umoja wa virusi ni kirusi, kwa mfano wa kitabu na vitabu, wana haki yao kisarufi, lakini wajue kwamba watalazimika kusema Mrusi aliandika Kirusi juu ya kirusi.)

Kwa Kiingereza ugonjwa huo umepewa jina la picha za vigae, na wengi wetu tungekimbilia kusema mozaiki. Hapa mkulima alitutangulia. Ugonjwa wa muhogo wenye mabaka kama hayo, ambao uliripotiwa mwaka 1894 kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania, wakulima wanauita batobato. Neno linaonekana kwenye jani lenyewe. Ikumbukwe tu kwamba jina ni moja lakini maradhi ni mbalimbali: batobato ya muhogo husambazwa na nzi weupe na kwa vipando vilivyoambukizwa, ilhali ile ya tumbaku husambaa kwa mikono, nguo na zana zilizogusa mmea mgonjwa. Mzee wa Kuria hakuhitaji kuelezwa hilo. Nasi tukakubaliana kwa urahisi tusioupata tena baadaye kuviita virusi vya batobato ya tumbaku.

Mwaka 1935 Wendell Stanley, nchini Marekani, alifaulu kuvigeuza virusi hivi kuwa fuwele, kama mtu agandishavyo chumvi, na fuwele hizo zikiyeyushwa ziliambukiza upya. Kwa kazi hiyo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1946. Swali lililobaki likawa la umbo, na jibu lake kwa sehemu kubwa lilitoka kwa Rosalind Franklin, ambaye alivichunguza virusi hivi kwa eksirei katika chuo cha Birkbeck, London, tangu mwaka 1953 hadi karibu na kifo chake mwaka 1958.

Chukua hindi la kuchoma ulitazame. Punje zimelizunguka gunzi, zimebanana, hazina nafasi ya kupenyeza ukucha. Sasa lifikirie gunzi limetolewa na kuacha tundu jembamba katikati, na punje ziwe zinapanda kwa mzunguko kama ngazi ya mnara. Hivyo ndivyo kirusi hiki kilivyo: fimbo yenye urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 18, tundu la katikati likiwa na upana wa nanomita 4. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Punje ni protini 2,130 zinazofanana kabisa, kila moja ikiwa mnyororo wa asidi amino 158. Kila mzunguko mmoja una punje 16 na theluthi, na hupanda nanomita 2.3. Uzi wa RNA, unaobeba maagizo ya ugonjwa, haupiti katika tundu kama tunavyoweza kudhani. Franklin alionyesha kwamba umezikwa katikati ya mashina ya punje, kiasi cha nanomita 4 kutoka mhimili.

Jambo hili lina uzito kwa tafsiri yetu. Punje hazina ugonjwa. Ugonjwa umo katika uzi. Watafiti ninaowazungumzia huchukua jeni ya punje peke yake, wakaiingiza katika bakteria wa maabara, bakteria wakatengeneza protini hizo kwa wingi, na uzi wa virusi haukuwahi kuwamo. Kwa hiyo neno virusi katika sentensi yetu lilipaswa kuwa ganda la virusi, au tuseme protini za ganda. Kiambishi kimoja cha uhusiano kingempunguzia mzee usingizi uliompotea.

Kujiunda au kujipanga?

Mwaka 1955, huko Berkeley, California, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walizitenganisha punje na uzi, wakaviweka mbalimbali, kisha wakavichanganya tena katika maji. Fimbo zilirudi. Hawakuzishona wala hawakuzibandika. Walichanganya na kungoja. Fimbo hizo zikapakwa kwenye majani ya tumbaku, na majani yakaugua. Tangu hapo jambo hili limekuwa nguzo ya elimu ya chembe hai: kwamba kitu chenye mpangilio mkubwa kinaweza kupatikana bila fundi wa kukipanga, mradi vipande vyake vina umbo linalofaa.

Tuliite nini? Kikao chetu kilikuwa na mapendekezo matano, na mjadala uliendelea hadi mlinzi akaja kufunga chumba.

La kwanza ni lile tulilokuwa tumelitumia: kujiunda. Kiambishi -ji- humfanya mtenda awe ndiye mtendwa. Anayejiua ndiye muuaji na ndiye maiti. Basi kinachojiunda kilikuwako kabla hakijakuwako. Ndiyo maana mzee aliogopa, na aliogopa kwa haki: kwa Kiswahili chetu sentensi ilidai kwamba kitu hicho kinajizalisha. Ukweli ni kwamba kila punje imeundwa, kwa kauli ya kutendwa, na ribosomu za bakteria. Kinachofuata baadaye ni kitu kingine.

La pili lilikuwa kujikusanya. Watu hujikusanya penye ajali. Hakuna safu wala nafasi ya mtu maalumu. Tukaliacha bila mabishano.

La tatu, kuungana, lilikuwa na watetezi wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Kauli ya kutendana inasema kweli: punje huishika jirani yake kama jirani naye anavyoishika. Hata hivyo matone ya mafuta juu ya mchuzi huungana pia, na yakishaungana hakuna awezaye kuonyesha tone lililokuwa kushoto. Mpangilio umetupotea.

La nne lilikuwa kupangika. Kauli ya kutendeka ina mpangilio, lakini ina utata ambao kila mwanafunzi wa mofolojia anaujua. Vitabu vinapangika kwa maana kwamba inawezekana kuvipanga. Anayesikia atauliza: na mpangaji ni nani? Naye ndiye tuliyekuwa tukijaribu kumwondoa.

Likabaki kujipanga. Wapo waliocheka, kwa kuwa nchini Kenya ukimwambia mtu ajipange umemwambia kwamba mambo yake yameharibika. Lakini tazama sentensi hii: askari walijipanga. Nafsi ni ya wingi, na -ji- hapa haisemi kwamba kundi lilijizaa. Inasema kwamba kila mmoja alikwenda mahali pake, na mstari ukatokea. Askari walikuwako kabla ya mstari, kama punje zilivyokuwako kabla ya fimbo.

Sababu iliyonishinda mimi, hata nikaiacha kuungana, ilikuwa nyingine, na ilitoka katika kemia. Aaron Klug, aliyelelewa Durban na kusomea Johannesburg na Cape Town kabla ya kwenda Uingereza, aliendeleza kazi ya Franklin na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1982. Yeye na wenzake walionyesha kwamba punje hizi hubadilisha mpango kulingana na maji yaliyomo. Katika maji yasiyoelemea asidi wala alkali, yenye chumvi ya kutosha, hujipanga kuwa visahani vya tabaka mbili, kila tabaka punje 17, jumla 34. Maji yakitiwa asidi kidogo, hupanda kuwa fimbo ndefu hata bila uzi. Yakielekea kwenye alkali, hutengana na kubaki vikundi vidogo vidogo. Donald Caspar alikuwa ameeleza mapema kwamba baadhi ya pande zinazokutana kati ya punje zina chaji za aina moja zinazosukumana, na kwamba msukumano huo ndio unaokisaidia kirusi kufunguka kinapoingia ndani ya seli.

Yaani kinachojipanga hujipangua. Sasa tumerudi darasani kwetu. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, panga na pangua. Kujipanga kunakuja na kinyume chake mkononi. Kuunda hakuna kinyume cha namna hiyo kinachotumika, na ukijaribu kukipata kutoka kwa kuunga utaishia kuungua, jambo ambalo ni maumivu mengine kabisa. Wala kutendulika huku si pambo la nadharia. Mpangilio wa aina hii hufaulu kwa sababu vifungo kati ya punje ni hafifu. Punje iliyokaa kombo huachia na kujaribu tena. Kama kila mguso ungekuwa wa kudumu kama gundi, chupa ingejaa mabonge, wala fimbo isingepatikana. Istilahi isiyobeba uwezekano wa kutenduliwa ingeficha siri yenyewe ya kazi hii.

Cha chuma, au chenye chuma?

Kosa la pili lilikuwa kiunganifu. Meza ya mti imefanywa kwa mti. Virusi vya chuma, basi, vimefanywa kwa chuma. Tulichopaswa kukitumia ni -enye: protini yenye chuma ndani, kama tusemavyo chai yenye sukari. Ni jambo la darasa la chini, nasi tulikuwa wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Hata neno chuma lenyewe lilitaka uangalifu. Katika mazungumzo ya kawaida chuma ni kila kitu kigumu king'aacho, lakini katika kemia ni elementi moja. Zinki, shaba, nikeli na magnesi si chuma. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa imekwisha kutuonyesha njia kwa kutaka istilahi za fani hizi zikae pamoja na zisigongane, na metali ndilo neno linalobeba jamii nzima. Wako wanaopenda madini. Mimi naona madini yabaki kwa kile kinachochimbwa.

Metali yenyewe hukaaje katika protini? Hapa pana jambo zuri ambalo ningependa kila msomaji alijue hata kama atasahau mengine yote. Wekundu wa damu na ukijani wa jani hutoka katika jamii moja ya pete, iitwayo porfirini. Pete hiyo ina atomi nne za nitrojeni zinazotazama katikati, na katikati hapo hukaa atomi moja ya metali. Ikiwa chuma, tunapata hemu, ambayo katika damu hushika oksijeni. Ikiwa magnesi, na pete ikibadilishwa kidogo, tunapata klorofili, ambayo katika jani hunasa mwanga.

Pete peke yake katika maji haifanyi kazi hiyo ipasavyo. Lazima iwe imekaa ndani ya protini, ambayo huamua ni nini kiikaribie na kwa upande gani. Katika himoglobini, hemu imekaa katika mfuko wa protini, na asidi amino moja, histidini, huinuka na kuishika atomi ya chuma kutoka upande mmoja. Hemu hiyo haikufungwa kwa kifungo cha kudumu na mnyororo wa protini. Inaweza kutolewa na nyingine kuingizwa. Lakini kuna protini nyingine, sitokromu c, ambamo pete yenyewe imefungwa kwa protini kupitia asidi amino ziitwazo sisteini. Hiyo haitoki.

Kiingereza kilichoandikwa katika sentensi ya mwenzetu kilitumia kitenzi kimoja tu, cha kushika. Kiswahili kilitutaka tuchague. Mama humpakata mtoto: mtoto yuko mapajani, mkono umemzunguka, lakini hakushonwa kwa mama, naye anaweza kuteremka. Mzigo hufungwa kwenye baiskeli. Kwa hemu ya damu, kupakata ni neno sahihi kuliko lolote nililowahi kulisikia kwa lugha nyingine. Kwa hemu ya sitokromu c tuseme kufunga. Hatukutafuta tofauti hii. Lugha ndiyo iliyotulazimisha tumwulize mwenzetu, naye ikambidi akasome tena.

Basi watafiti walizifanyia nini punje za batobato? Mwaka 2007 kundi la Matthew Francis huko Berkeley lilitumia njia ya kufunga. Kwenye nafasi ya 123 katika mnyororo wa asidi amino 158 waliondoa serini wakaweka sisteini. Ni badiliko la herufi moja, kama kutoka pika kwenda piga, na kila mwanafunzi wa fonolojia anajua jinsi badiliko dogo kama hilo linavyoweza kubadilisha kazi yote ya neno. Kwenye sisteini hiyo walifunga chembe za rangi zinazonasa mwanga, kisha wakaziacha punje zijipange kuwa visahani na fimbo. Rangi nyingi zilipokea mwanga na kuupitisha hadi kwa moja iliyoungojea, na zaidi ya asilimia 90 ya nishati ilifika. Rangi hizo hazikuwa na metali. Lakini mwaka uohuo watafiti wa Osaka, Japani, nao walitumia punje za virusi hivi, wakazifunga porfirini, baadhi zikiwa na zinki katikati na nyingine zikiwa tupu, na nishati ikasafiri kutoka zenye zinki kwenda zile tupu.

Wanachokiiga ni kitu kilichoko tayari. Katika bakteria fulani wa zambarau wanaoishi kwa mwanga, umbo la chombo cha kunasia mwanga lilichorwa mwaka 1995: ni pete ya protini iliyopakata bakteriaklorofili 27, kila moja ikiwa na magnesi yake, 18 katika duara moja na 9 katika duara jingine. Kisahani cha batobato kina punje 17 katika kila tabaka. Mhandisi akiiona hesabu hiyo hawezi kutulia.

Ugumu mkubwa ni masafa. Mwanga ulionaswa unaweza kuruka nanomita kadhaa kutoka rangi moja hadi nyingine. Elektroni ni mvivu zaidi. Katika protini za asili zinazopitisha elektroni, metali na pete zake kwa kawaida hazitengani zaidi ya nanomita 1.4 ukingo kwa ukingo. Wazo hilo lilitolewa hesabu yake mwaka 1999 na kundi la Leslie Dutton, Pennsylvania. Ukitaka kutumia fimbo ya virusi kama waya, huna budi kuziweka pete mahali ambapo kila moja inafikiwa na jirani yake. Mzunguko mmoja hadi wa juu yake ni nanomita 2.3, na pete ya porfirini ina upana wa kama nanomita 1. Ukikosea nafasi ya asidi amino moja au mbili, umejenga ngazi yenye vipandio visivyofikika.

Njia ya kupakata ina ugumu wake pia. Kila punje ya batobato ni fungu la hilikali nne zilizosimama pamoja kama vijiti vya kuni. Mwaka 1994 kundi la Dutton na William DeGrado lilikuwa limeonyesha kwamba fungu la hilikali nne, lililosanifiwa tangu mwanzo bila kunakili protini yoyote ya asili, linaweza kupakata hemu likiwekewa histidini mahali panapofaa. Kwa hiyo wazo la kuwekea histidini ndani ya punje ya virusi si la ndoto. Lakini ukitoboa mfuko wa hemu katikati ya punje, unaweza kuwa umelegeza sehemu ileile inayoifanya ijipange. Mhandisi anataka vyote viwili: mfuko na safu. Mara nyingi protini humpa kimoja.

Wengine wamepita kando ya ugumu huo kwa kuacha ganda lizunguke kimeng'enya kizima. Mwaka 2016 kundi la Trevor Douglas, Chuo Kikuu cha Indiana, liliingiza kimeng'enya chenye nikeli na chuma, kinachotengeneza gesi ya hidrojeni, ndani ya ganda la virusi vya bakteria viitwavyo P22. Ganda lilijipanga likakifumbata. Tazama, kitenzi kimebadilika tena: kufumbata ni kwa kiganja kilichofungwa. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Douglas na Mark Young walikuwa wametumia ganda la virusi vya kunde, ndiyo, kunde hizihizi tunazokula majani yake, kama chungu kidogo cha kugandishia madini. Ganda hilo lina punje 180 na vitundu vinavyofunguka na kufungika maji yabadilikapo. Na mwaka 2010 kundi la Angela Belcher, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, lilipanga porfirini zenye zinki na oksidi ya iridi juu ya virusi vyembamba viitwavyo M13, mwanga ukatumika kutoa oksijeni katika maji.

Kofakta, kisaidizi, kikamilishi

Nimeliacha nyuma neno gumu kuliko yote. Zile pete na zile metali, zinapokuwa ndani ya kimeng'enya, zina jina la pamoja katika bayokemia. Wengine huandika kofakta, na yamekwisha. Tuliwahi pia kuona kisaidizi. Hili la pili nalikataa kabisa. Msaidizi ni yule ambaye asipokuja kazi huchelewa. Himoglobini bila hemu haichelewi kubeba oksijeni, haiibebi. Jembe si msaidizi wa mkulima.

Nilipendekeza kikamilishi, nami nilisukumwa na sintaksia. Ukisema "mwalimu ni", hujasema kitu. Kile kinachofuata, tunachokiita kijalizo, si pambo la sentensi. Protini isiyo na hemu yake ni kama ile "ni" iliyosimama peke yake: umbo lipo, nafasi imeachwa wazi, na kazi inangoja. Wanabayokemia wenyewe husema kimeng'enya kisicho na kitu hicho hakijakamilika. Kikamilishi, kwa hiyo, kinasema wanachokisema.

Mwenzetu hakukubali. Alisema kwamba akiandika kofakta, mwanafunzi wa Dodoma, wa Bujumbura na wa kwetu wataweza kulitafuta na kulipata, na kwamba neno langu linaeleweka kwa wale tu waliokaa katika kikao chetu. Aliongeza, kwa sauti ya upole iliyoniuma zaidi, kwamba hata protini, metali na virusi ni wageni na hakuna aliyewafukuza. Sina jibu la kumnyamazisha. Naona tu kwamba protini haikuja mahali penye neno la kulitafsiri, ilhali hapa kuna dhana ambayo lugha yetu inaiona waziwazi. Suala hili lipo mikononi mwa wasomaji, na hasa wahadhiri wetu wa istilahi.

Sentensi aliyoisoma mara ya pili kwa simu ilikuwa hii: "Tunajifunza kuzisanifu upya protini za ganda la virusi vya batobato ya tumbaku, ambazo hujipanga zenyewe, ili zipakate vikamilishi vyenye metali." Ni ndefu. Mzee aliisikiliza hadi mwisho, akaomba isomwe tena, kisha akasema kwamba batobato anaijua na kupakata anakujua.

"Kwa hiyo mnachukua makapi mnaacha punje?"

"Ndiyo, baba. Punje ndiyo yenye ugonjwa."

"Na hicho kikamilishi ni nini?"

Binti alimweleza habari ya pete, ya damu na ya jani. Maelezo hayo, anasema, yalichukua muda mrefu kuliko salio la simu yake, na mzee akapiga mwenyewe ili amalizie.